Ubini ugenini

Ubini, yaani jina la baba linaloandikwa baada ya jina la mtu mwenyewe, umetokana na neno la Kiarabu bin, lenye maana ya mwana wa, na kwa desturi si jina la ukoo, kwa kuwa hubadilika kila kizazi. Chausiku Juma Mashaka ni Chausiku, aliyezaliwa usiku, bintiye Juma na mjukuu wa Mashaka. Lakini fomu nyingi za Ulaya na Marekani hulihesabu jina la mwisho kuwa la familia nzima, hivyo muuguzi wa London humwita kwa jina la babu ambaye pengine alifariki kabla yeye hajazaliwa, huku jina lililotunza saa ya kuzaliwa kwake likifupishwa kuwa herufi moja. Mumewe na wanawe nao, kwa kuwa majina yao ya mwisho hutofautiana, huonekana katika pasipoti kama watu baki. Wenyeji wa Iceland, ambao wengi wao hutumia jina la mzazi vivyo hivyo, huitana kwa jina la kwanza hata ofisini, na utaratibu huo ndio wenye busara zaidi. Mzazi aliye ughaibuni na aamue mapema, kabla ya kumwandikisha mtoto, ni jina lipi litakalokaa mwisho.