Jina Huumba

Wahenga walisema jina huumba. Wazanaki waliliamini jambo hilo kama watu wa pwani. Mtoto wa Mtemi Nyerere Burito, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, aliitwa kwanza Mugendi. Kwa ushauri wa mganga akabadilishwa kuwa Kambarage, jina la pepo wa mvua. Mwaka 1943 akabatizwa Julius, lakini Kambarage halikufutwa. Alilichukua hadi Ikulu, na hadi kaburini mwaka 1999.

Katika miaka yangu ya ualimu niliwaona wanafunzi walioona haya kutaja jina la nyumbani. Hapa Boko nawaambia wajukuu zangu: jina jipya ongezeni mkipenda, ila la wazee msilitupe, kwani limebeba dua ya waliowapokea duniani.