Kalemie: ndege zilizofika ndani ya masanduku

Ukitoka Kalemie kuelekea kaskazini, kandokando ya Ziwa Tanganyika, unafika M'toa. Leo ni pwani ya wavuvi. Mwaka 1916, wakati wa vita vya kwanza vya dunia, ilikuwa kituo cha ndege.

Wabelgiji walikuwa na shida moja kubwa: Graf von Götzen, meli ya Wajerumani iliyotia nanga Kigoma, ng'ambo ya ziwa. Hakuna meli iliyoizidi ukubwa katika ziwa zima. Waingereza wakawaazima ndege nne aina ya Short, za mbao na kitambaa, zenye kuelea juu ya maji.

Lakini hazikuja kwa kuruka. Zilishushwa Matadi zikiwa vipande ndani ya masanduku, zikapanda treni hadi Kinshasa, kisha meli ya mtoni hadi Kisangani. Kila mto ulipozibwa na maporomoko, masanduku yalishushwa, yakapakiwa tena kwenye treni. Reli ilipokwisha, yakarudishwa majini. Ndivyo yalivyopita Kindu, Kongolo na Kabalo. Reli ya Kabalo ilikuwa imefika ziwani mwaka 1915 tu. Rubani Aimé Behaeghe anatajwa vitabuni. Wakongo waliobeba mizigo hiyo na kujenga reli hiyo, ni nadra kukuta hata jina moja.

Pale M'toa mawimbi yalizisumbua sana ndege, basi zikahamishiwa Tungwe, kwenye maji yaliyotulia. Mwezi wa Juni zikavuka ziwa na kuangusha mabomu Kigoma. Wabelgiji walifurahi mno, pengine kupita kiasi, maana meli haikuzama. Ni Wajerumani wenyewe walioizamisha mwezi wa Julai walipokuwa wanakimbia, baada ya kuzipaka mashine zake mafuta mazito zisiliwe na kutu.

Behaeghe hakuona mwaka mpya. Alikufa kwa ugonjwa Desemba 1916 huko Niemba, kwenye njia ile ile ya reli.

Waingereza waliitoa meli majini mwaka 1924, na mwaka 1927 ikapewa jina la Liemba. Mwaka 1997, Umoja wa Mataifa uliikodi ivushe wakimbizi wa Kongo waliokuwa Tanzania. Zaidi ya watu 75.000 walirudi nyumbani ndani ya meli ile ile iliyotafutwa kwa mabomu.