Matrekta ya Kongwa na alizeti ya Singida

Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa imetoka vitani ikiwa mshindi, lakini jikoni mafuta yalikuwa haba. Siagi, mafuta ya kupikia na hata sabuni vilitolewa kwa mgao. Mwaka huo Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company, kampuni tanzu ya Unilever, aliipelekea serikali ya London wazo lililoonekana kuwa dawa ya tatizo hilo: karanga zilimwe kwa mashine katika mapori ya Afrika Mashariki.

Serikali ilimtuma John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, akaone hali ilivyo. Timu yake ilimaliza kazi kwa wiki tisa tu, na sehemu kubwa ya nchi iliipitia kwa ndege. Ikarudi na mpango wa kulima zaidi ya ekari milioni tatu, nyingi zikiwa Tanganyika, kwa gharama iliyokadiriwa kufika pauni milioni 25. Waziri wa Chakula, John Strachey, aliuunga mkono kwa nguvu zake zote. Maeneo yaliyochaguliwa Tanganyika yalikuwa matatu: Kongwa katika nchi ya Wagogo, Urambo upande wa magharibi na Nachingwea kusini.

Kazi ilianzia Kongwa mwaka 1947. Matrekta yaliletwa kutoka kwenye mabaki ya vita, mengi yakiwa yamechoka kabla hayajagusa shamba. Mengine yalitengenezwa kutokana na vifaru vya kijeshi. Mafuriko yalikata reli, vipuri vikachelewa, na mibuyu ikakataa kung'oka. Tatizo kubwa kuliko yote lilikuwa udongo wenyewe. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi na mchanga mkali unaokula majembe ya plau, na mvua ikikatika hukauka ukawa mgumu kama tofali. Karanga hukomaa chini ya ardhi, kwa hiyo hata pale zilipoota vizuri, kuzichimba kiangazi kilipoanza ilikuwa kazi nyingine. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000, lakini zilizopandwa zilikuwa kama 7,500.

Wagogo waliijua mvua ya nchi yao. Walijua kwamba hunyesha msimu mmoja tu kwa mwaka, na kwamba ndani ya msimu huo huweza kukatika wiki kadhaa. Ndiyo maana walitegemea uwele na mtama, na karanga wakazilima katika vipande vidogo. Maarifa hayo hayakupewa nafasi katika mpango ule. Mkulima Mwafrika aliingia Kongwa akiwa kibarua, na hakuna aliyemtaka ushauri.

Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuachana na mpango huo. Hasara ilifika takriban pauni milioni 36. Kongwa ikageuka eneo la ng'ombe, na Urambo ikawa nchi ya tumbaku. Reli iliyojengwa kutoka pwani ya Mtwara hadi Nachingwea haikudumu, nayo iliondolewa baada ya uhuru. Miaka ya 1960 Kongwa na Nachingwea zilipata heshima ya aina nyingine, pale zilipokuwa kambi za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika.

Wengi huisimulia habari hii hadi hapo, kisha wakaifunga. Lakini historia ya mbegu za mafuta nchini haikufia Kongwa. Utafiti wa mazao uliotokana na mpango ule ulibaki Nachingwea, na baadaye ukahamia Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara. Kituo hicho, ambacho leo kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, ndicho kilichofanya kwa subira kazi ambayo wakubwa wa mwaka 1947 waliiruka: kutafuta mbegu inayofaa udongo wetu, mvua yetu na adui wa mazao yetu.

Katika karanga, adui mmoja ni rozeti, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na vidukari. Mche unaoupata hudumaa, majani yake hujikunja na kuwa ya njano, na ukiung'oa hukuti karanga za maana. Mkulima hupunguza hatari kwa kuwahi kupanda na kubananisha miche ili shamba lifunike ardhi mapema, lakini anahitaji pia mbegu yenye ustahimilivu. Mwaka 1998 Naliendele ilitoa aina ya Pendo, inayokomaa mapema na ambayo ilipendwa sana katika mikoa ya kati kwa sababu huwahi mvua kabla haijaondoka. Mwaka 2009 zikafuata aina nyingine tano, na mojawapo ikaitwa Nachingwea. Kituo hichohicho kiliboresha pia ufuta, zao ambalo leo linaingiza fedha nyingi Lindi na Mtwara.

Alizeti ilipita njia yake. Aina ya Record imelimwa nchini tangu miaka ya 1950, na hadi leo jina hilo linajulikana Singida na Dodoma kuliko jina la mbegu nyingine yoyote ya alizeti. Ilivumilia ukame wa kanda ya kati, na mkulima aliweza kuweka akiba ya mbegu kutoka shambani mwake. Kilichokosekana kwa muda mrefu ni mahali pa kukamulia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu walipanga foleni kutafuta mafuta ya kula, ilhali mikoa ya kati ina ardhi inayokubali alizeti.

Mwaka 1985, mjini Arusha, fundi Mmarekani aitwaye Carl Bielenberg alibuni mashine ya kukamulia kwa mkono. Ilikuwa chuma chenye mpini mrefu. Mtu mmoja anaushika mpini, anaupandisha na kuushusha. Kila unaposhuka, pistoni inasukuma alizeti ndani ya kichungi chenye matundu membamba. Mafuta yanachuruzika chini ya kichungi na mashudu yanatokea mbele. Mbegu zikianikwa juani kwanza zikapata joto, hutoa mafuta zaidi. Haikuhitaji umeme wala dizeli.

Lakini mashine hiyo ilikuwa na sharti moja: ilitaka alizeti yenye ganda laini na mafuta mengi, kama Record. Alizeti ya ganda gumu ilimchosha mkamuaji bure. Kwa hiyo mashine na mbegu bora vilikwenda pamoja. Hapo ndipo mkulima alipoona faida ya mbegu bora kwa macho yake, ndani ya dumu, bila kuhubiriwa. Baadaye zikaja mashine za injini na umeme, na leo msafiri wa barabara ya Dodoma hadi Singida huona madumu ya mafuta ya alizeti yakiuzwa kando ya njia.

Pamoja na hatua hiyo, Tanzania bado inaagiza nje sehemu kubwa ya mafuta yake ya kula, hasa mawese kutoka Malaysia na Indonesia. Sababu mbili zinajirudia. Ya kwanza ni mbegu iliyochoka. Nyuki huchavusha alizeti kutoka shamba hadi shamba, aina zikachanganyika, na anayerudia mbegu yake miaka mingi hujikuta na vichwa vidogo na maganda mazito. Mbegu chotara hutoa mafuta mengi zaidi, lakini lazima inunuliwe upya kila msimu, na wengi hawaimudu. Kuanzia mwaka 2021 serikali iligawa mbegu za alizeti kwa bei ya ruzuku, ikaweka mkazo Singida, Dodoma na Simiyu. Hatua hiyo ilikuwa sahihi.

Sababu ya pili ni bei. Ushuru wa mafuta ya nje ukishushwa ili kumpunguzia mlaji makali, mafuta hayo hufurika sokoni, viwanda vidogo husita kununua alizeti, na gunia hukosa bei. Mkulima aliyeitikia wito wa kulima huvuna hasara, na msimu unaofuata hurudi kwenye mahindi. Hakuna mbegu bora inayoweza kumtetea mkulima asiye na soko.

Kongwa ilishindwa ikiwa na fedha, matrekta na wataalamu, kwa sababu ilimweka kando mkulima na ardhi yake. Alizeti ya Singida ilisimama pale mbegu, kinu na soko vilipokutana kijijini. Wizara ya Kilimo na Wizara ya Fedha zivitunze vitatu hivyo kwa pamoja: mbegu safi ifike kabla ya mvua ya kwanza, wakamuaji wadogo wapate mikopo wanayoweza kuilipa, na ushuru wa mafuta ya nje utangazwe kabla mkulima hajapanda, usibadilishwe akiwa anavuna. Mkulima akihakikishiwa hayo, mafuta tutakayokula yatakuwa ya kwetu.