Mambo ya hiari: istilahi ya Wastoiko kwa mtu wa sanaa

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili amekutana na Wastoiko katika Matendo ya Mitume, sura ya 17, Paulo alipokuwa Athene. Walikuwa wafuasi wa falsafa iliyoanzishwa mjini humo na Zeno wa Citium karibu mwaka 300 KK. Ustoiko huelezwa mara nyingi kuwa ni uvumilivu. Maelezo hayo yanapunja maana, kwa sababu mvumilivu huonekana shida ikishafika, ilhali Mstoiko huanza kazi yake mapema, kwa kupambanua.

Epictetus, aliyezaliwa utumwani kisha akafundisha Nicopolis, aligawa mambo mafungu mawili. Fungu la kwanza aliliita kwa Kigiriki eph' hēmin: maamuzi yetu, nia zetu, tunayoyataka na tunayoyakataa. La pili ni mwili, mali, sifa na vyeo.

Tuliiteje fungu la kwanza? "Yaliyo katika uwezo wetu" ndiyo tafsiri inayokuja haraka, lakini uwezo ni pamoja na nguvu na ujuzi, navyo huweza kupotea. Mpiga ngoma aliyevunjika kidole amepungukiwa uwezo. Uamuzi wa kumfundisha kijana ashike nafasi yake bado ni wake. Napendekeza "mambo ya hiari", na kwa fungu la pili, "mambo yasiyo ya hiari".

Tuipime istilahi hii kwa ngoma. Ipililo ni kata ya wilaya ya Maswa, mkoani Simiyu, katika nchi ya Wasukuma. Huko, msimu wa mavuno ukipita, ndipo ngoma za mashindano hushika kasi kati ya vyama viwili vya jadi, Bagika na Bagalu. Kwa desturi makundi hucheza kwa wakati mmoja, na lililovuta watazamaji wengi ndilo mshindi. Huku wachezaji wa ngoma ya bugobogobo wanarusha majembe na kuyadaka kwa mdundo, kule mpinzani anatoa chatu, na umati unahama.

Manju, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo za ngoma, akitunga kwa kuuwaza umati huo tu, kazi yake ameikabidhi kwa wasio na habari naye. Ya hiari yake ni kuurudia ubeti unaokwama, kuwaita wachezaji mazoezini, kuhakikisha ngozi za ngoma zimewambwa vizuri, na kuchagua wimbo wa kufungulia. Mvua, chatu na miguu ya watazamaji si vya hiari yake.

Je, basi asijali kushinda? La. Wastoiko walitoa mfano wa mpiga upinde: hulenga shabaha kwa dhati, lakini kazi yake ni kulenga vema; mshale ukishatoka, upepo una sehemu yake. Manju naye aulenge ushindi, ila ajihesabu kwa maandalizi.

Faida ya upambanuzi huu kwa utendaji ni kubwa. Mwandishi, mchoraji au mtunzi anayejipangia "kupendwa" hana la kufanya asubuhi. Anayejipangia ukurasa mmoja analo. Sifa zikichelewa, kesho yake ana pa kuanzia. Ndiyo maana nalitetea neno hiari: linamkumbusha msanii kwamba kuanza kazi leo hakuhitaji ruhusa ya umati.