Diski ya laptopu: kutoka tani moja hadi Nyarugusu

Wasomaji wangu, leo siasa tuziweke pembeni kidogo. Nataka tuongelee kile kidude kinachokaa tumboni mwa laptopu na kutunza picha, barua na kazi zako zote: diski. Nani ana haki ya kuibadilisha?

Tuanzie mbali. Mwaka 1956 IBM walitoa mashine ya RAMAC iliyokuwa na diski ya kwanza. Sahani 50, kila moja upana wa inchi 24, uzito karibu tani moja, na yote hayo ni kwa megabaiti 5 tu. Yaani wimbo mmoja wa MP3! Mwaka 1988 kampuni ya Marekani, PrairieTek, ikaleta diski ya inchi 2.5 yenye megabaiti 20. PrairieTek wenyewe hawakudumu, ila kipimo chao kilibaki. Toshiba, Hitachi, Seagate, Samsung, wote wakakifuata. Miaka ya 2000 plagi ya SATA ikachukua nafasi ya IDE, na hata SSD zilipoingia sokoni zikavalishwa umbo lilelile.

Hapo ndipo penye utamu. Fundi hamwombi ruhusa aliyetengeneza laptopu. Anafungua skrubu chache, anachomoa diski iliyoanza kukwaruza, anachomeka SSD ya kampuni nyingine kabisa, na mashine ya 2009 inaamka kama kijana. Yangu ilifanyiwa hivyo Kariakoo, chini ya mwavuli, kabla sijamaliza soda.

Na sisi Watanzania kompyuta (wengine huiita tarakilishi, wengine ngamizi, shauri yao) tulichelewa nayo. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingizwa kwa kompyuta nchini. Marufuku ilipolegezwa, wengi wetu tulianza na mashine zilizokwisha tumika kwingine, na mashine kuukuu haiishi bila vipuri.

Sasa twende Nyarugusu, wilayani Kasulu. Kambi ilifunguliwa 1996 kwa Wakongo waliokimbia vita vya Kivu. 2015 wakaja Warundi, idadi ikapita laki moja. Chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 1998, kutoka kambini kunahitaji kibali. Kwa hiyo diski ikifa huko, mwenye laptopu hapandi basi kwenda Kariakoo, zaidi ya kilomita 1,000. Kipuri ndicho kimfuate, na kiwe kile cha kawaida ambacho mtu yeyote anaweza kukibeba mfukoni.

Lakini mlango huo unafungwa. Mwaka 2012 Apple waliweka plagi yao wenyewe kwenye MacBook Pro ya Retina. Kampuni kama OWC zikatengeneza SSD za kuingia humo. Mwaka 2016, kwenye MacBook Pro zenye Touch Bar, hifadhi ikachomelewa kabisa kwenye bodi. Tableti ndivyo zilivyo tangu mwanzo, na tableti ndizo Vodafone Foundation na UNHCR walizopeleka kwenye madarasa ya Nyarugusu kupitia mradi wao ulioanza 2013. Somo linaingia, sikatai. Hifadhi ikifa, hakuna cha kuchomoa.

Kwa hiyo wewe unayekusanya laptopu kuukuu za ofisini ili uzipeleke kambini, zigeuze kwanza. Kama diski inatoka kwa bisibisi, peleka, na utie SSD mbili za ziada kwenye boksi.