Kumshtaki na Kumshtakia

Msibani hakukosi mtu wa kunyamazisha. Mama aliyefiwa akipaza sauti kumuuliza Mungu kwa nini amemchukulia mwanawe, shangazi mmoja humshika bega papo hapo: "Usikufuru, mwanangu. Kazi ya Mungu haina makosa." Nia ya shangazi ni njema. Neno alilolichagua ndilo linalonisumbua.

Kufuru tumeipata kwa Waarabu, na mzizi wake unahusu kufunika. Katika sura ya 57 ya Kurani, wakulima wanatajwa kwa jina la mzizi huo huo, maana wao hufukia mbegu ardhini. Kafara nayo ni ya ukoo huo: ni kitu kinachofunika dhambi. Anayekufuru basi, kwa asili ya neno, ni mtu aliyeifukia neema anayoijua. Najua kwamba asili ya neno haiwezi kulifunga maana. Maneno huhama kwao na kubadili tabia kama watu. Hata hivyo inashangaza kwamba tunamwita mkufuru mtu ambaye ndiyo kwanza amefunua kilichomo moyoni.

Pengine shangazi alitaka kusema "usinung'unike". Hilo nalo tulitazame. Kunung'unika kunajieleza kwa mlio wake: sauti inazunguka puani, midomo haifunguki sawasawa, na maneno hayamfikii mtu yeyote. Kitabu cha Hesabu, sura ya 11, kinaonyesha jambo hili vizuri kuliko kamusi. Wana wa Israeli jangwani wanalilia nyama, wanakumbuka samaki wa Misri, matango, matikiti na vitunguu, kila mtu akilia mlangoni pa hema lake. Musa anawasikia, naye anachukizwa. Lakini yeye hakai hemani. Anamwendea Mungu na kumuuliza kama ni yeye Musa aliyebeba mimba ya watu hawa, na anaongeza kwamba kama mambo yenyewe ni haya, ni heri auawe. Maneno ya Musa ni makali kuliko ya wale waliokuwa wakilia. Wao walipata kware, kisha pigo. Musa alipewa wazee 70 wa kumsaidia mzigo. Sioni tofauti nyingine kubwa kati yao ila hii: Musa alisema na Mungu mwenyewe.

Hapo ndipo ninapokuja kwenye neno ninalolipenda, kushtaki. Siku hizi limevaa joho la mahakama: mshtaki, mshtakiwa, hati ya mashtaka. Katika Kiarabu lilikotoka, maana yake ni kulalamika tu, kutoa shakwa. Ndicho kitenzi kilichomo katika aya ya kwanza ya sura ya 58 ya Kurani. Mwanamke ambaye wafasiri wanamtaja kuwa ni Khawla binti Thaalaba alikuwa ametamkiwa na mumewe kwamba kwake yeye ni kama mgongo wa mama yake, desturi ya zamani ya Waarabu iliyomwacha mke akining'inia, si mke wala si mtalaka. Alijadiliana na Mtume, na shakwa lake akalipeleka kwa Mungu. Sura inafunguka kwa kusema kwamba amesikiwa. Desturi ile ikalaaniwa, na mume anayetaka kumrudia mkewe akatakiwa kwanza amwache huru mtumwa, asiyeweza afunge miezi miwili mfululizo, na asiyeweza hilo alishe maskini 60. Sura yenyewe inaitwa kwa jina la huyo mwanamke mwenye kujadili. Ndani yake hakuna anayemwambia anyamaze.

Sasa angalia sarufi yetu inavyofanya kazi. Kumshtaki Mungu ni kumpandisha kizimbani. Kumshtakia Mungu ni kumpelekea shauri, kama mtoto anavyomshtakia mama yake aliyoyatenda kaka. Silabi moja ya kauli ya kutendea inambadilishia Mungu kiti, kutoka cha mshtakiwa hadi cha hakimu, wala sauti ya mlalamikaji haikuhitaji kupungua. Nabii Yaakubu katika sura ya Yusuf alisema kwamba shakwa la huzuni yake analipeleka kwa Mungu tu, na huyu ndiye baba aliyekwisha kuahidi subira njema. Wanaodhani subira ni kufunga mdomo wamsome tena.

Hasira lakini haiheshimu sarufi. Mtu aliyeumia huteleza kutoka kumshtakia hadi kumshtaki katika pumzi moja. Ayubu wa Biblia aliteleza hivyo mara nyingi. Misibani tunapenda kunukuu sura yake ya kwanza, pale anapokubali kwamba aliyetoa ndiye aliyetwaa. Sura ya tatu, anapoilaani siku aliyozaliwa, hatuisomi, ingawa mtu ni yule yule. Sura ya tisa anatamani pawe na mwamuzi kati yake na Mungu, yaani anataka kesi hasa.

Kwa hiyo siwezi kusema unyenyekevu ni kuchagua maneno laini. Hiyo ni adabu, na mara nyingine ni unyonge tu: mtu anaogopa, basi anasifu, huku kinyongo kikichacha ndani. Unyenyekevu wa Ayubu naona upo penye jambo moja, kwamba hakuondoka. Aliendelea kusema na yule yule aliyemkasirikia, na alipojibiwa alisikiliza. Aliambiwa wazi kwamba alisema pasipo maarifa. Akaweka mkono kinywani. Lakini mkono ule ulikuja katika sura ya 40, baada ya kusema yote. Rafiki zake walitaka auweke mapema, kabla hajamaliza kusema.

Hao rafiki, Elifazi, Bildadi na Sofari, walikuwa wametetea heshima ya Mungu tangu mwanzo, kwa hoja safi ambazo zingefaa mahubiri yoyote ya Jumapili. Kitabu kinapofikia mwisho, Mungu anawakasirikia wao: hawakunena yaliyo sawa juu yake kama alivyonena Ayubu. Wakaagizwa wachukue ng'ombe dume saba na kondoo dume saba, waende kwa yule mlalamikaji, awaombee.