Wenyeji na Wageni Kandokando ya Ziwa



Katika mabaraza yetu ya Kisumu, liwe baraza la ardhi, la soko, au la kumshuhudia kijana aombaye kitambulisho, swali moja halikosi kuulizwa: huyu ni wa hapa, au amekuja? Swali hilo laonekana kuwa dogo, lakini jibu lake humpa mtu shamba au humnyima. Humfungulia kazi au humfungia. Kwa hiyo yafaa tutazame nyuma, tuone watu wa ufuo huu walilijibu vipi tangu zamani, na serikali zilizotutawala zililijibu vipi. Tukifanya hivyo kwa haki, tutaona kwamba mara nyingi mtu hakuitwa mgeni kwa sababu ya safari aliyoifanya, bali kwa sababu ya sheria iliyoandikwa baada ya yeye kufika na kutulia.

Tuanze na sisi wenyewe. Masimulizi ya Wajaluo husema kwamba mababu walitoka kaskazini, pande za Bahr el Ghazal katika Sudan, wakapitia Uganda, na kundi la kwanza likatua katika kilima cha Ramogi huko Yimbo. Profesa Bethwell Ogot, ambaye kitabu chake juu ya historia ya Wajaluo wa kusini kilitolewa mwaka wa 1967, alionyesha kwamba hawakuja kwa siku moja, bali walikuja kundi baada ya kundi katika muda wa vizazi vingi. Wala hawakuikuta nchi tupu. Wakisii husimulia kwamba wazee wao walikaa karibu na ziwa na katika uwanda wa Kano kabla ya kupanda milimani. Waluhya walikuwa majirani upande wa kaskazini, na Wasuba walivuka maji kutoka pande za Buganda na Busoga wakakaa Rusinga na Mfangano. Hata jina la Kisumu, kama wazee wasemavyo, lilitokana na neno la kutafuta chakula kwa kubadilishana mali. Basi mji huu, tangu jina lake, ni mahali pa watu waliotoka kwao kwa kuwa walihitaji kitu.

Watu hao waliishi pamoja kwa amri ya nani? Hapakuwa na afisa wala muhuri, lakini palikuwa na desturi. Wajaluo waliwatenga wenye ardhi, walioitwa weg lowo, na jadak, yaani mtu wa ukoo mwingine aliyekaribishwa kukaa. Jadak hakuingia kama mwizi. Alikuwa na mtu aliyemjua, pengine shemeji, mjomba au rafiki, naye alimpeleka mbele ya wazee. Alionyeshwa mahali pa kujenga na mahali pa kulima, akatazamiwa kushirikiana na wenyeji wake katika kazi na katika taabu. Lakini hakuwa na ruhusa ya kuigawa ardhi ile kwa wengine. Desturi hii yapatana na methali ya Kiswahili isemayo kwamba mgeni apewe siku mbili, na siku ya tatu apewe jembe. Methali hiyo ina mambo mawili ndani yake: mgeni apokewe, na mgeni afanye kazi.

Lakini tusiisifu desturi hii kupita kiasi. Ilikuwa na upande wake mgumu. Mjukuu wa jadak, aliyezaliwa hapa, na ambaye babu yake na baba yake walizikwa hapa, aliweza kukumbushwa ugeni wake siku ya ugomvi. Ardhi ilipokuwa nyingi, jambo hilo lilikuwa maneno tu. Ardhi ilipokuwa haba, na hasa usajili wa mashamba ulipofika Nyanza, neno jadak liliweza kumtoa mtu katika shamba alilolima maisha yake yote. Hapa twapata fundisho la kwanza: chuki kwa mgeni haitokani na ugeni wake peke yake, huamka pale kitu kinachogawanywa kinapopungua.

Sasa tuje kwenye reli. Kazi ilianza Mombasa mwaka wa 1896, na tarehe 20 Desemba 1901 reli ilifika ziwani, mahali palipoitwa Port Florence. Ili kuijenga, serikali ya Uingereza ilileta kutoka Bara Hindi wafanyakazi wapatao 32,000. Karibu 2,500 kati yao walikufa, wengi wakarudi kwao, na kama 6,700 wakabaki. Baada ya wajenzi walikuja wenye maduka. Allidina Visram, mfanyabiashara mashuhuri wa siku hizo, alikuwa na duka hapa Kisumu. Na huko Kibos wakulima wa Kihindi walipewa ardhi wakalima miwa. Walikuja pia Wanubi, askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la Waingereza, na baadhi ya jamaa zao wakafanya makao Kibos na Kibigori. Hao wote waliingia kwa ruhusa ya serikali. Lakini wenyeji hawakuulizwa neno. Serikali ndiyo iliyomkaribisha mgeni katika nyumba isiyokuwa yake.

Wakati huohuo lilitokea jambo ambalo wengi wetu hatulitafakari. Hadi mwanzo wa mwaka wa 1902 nchi hii ya Kisumu ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda, katika Jimbo lake la Mashariki. Tarehe 1 Aprili 1902 jimbo hilo lilihamishiwa katika himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Hakuna mwanamke aliyehamisha jiko lake, wala mvuvi aliyehamisha mtumbwi wake. Hata hivyo ndugu waliobaki ng'ambo ya mstari ule wakawa watu wa nchi nyingine. Mwaka wa 1926 mpaka ulielezwa tena kwa amri ya Uingereza, ukipita ndani ya ziwa na katikati ya Wasamia. Tangu hapo mtu aliyekwenda kumzika shangazi yake ng'ambo alikuwa, kwa maneno ya sheria, msafiri wa nchi za nje.

Serikali ya kikoloni haikuwatazama wahamiaji wote kwa jicho moja. Mzungu aliitwa aje, akapewa ardhi katika nyanda za juu. Mhindi aliruhusiwa kufanya biashara, lakini hakuruhusiwa kununua ardhi katika nyanda hizo, na walowezi walidai kuingia kwake kuzuiwe. Mwafrika, aliyekuwa katika nchi yake, ndiye aliyelazimishwa kuchukua kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka wa 1915 ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza: kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na zaidi aliandikishwa, akachukuliwa alama za vidole, akabeba karatasi yake ndani ya mkebe wa chuma shingoni. Akitoroka kazini alitafutwa na polisi. Basi mwenyeji alikuwa na hatia ya kutembea bila karatasi katika nchi aliyozaliwa.

Wazee wetu hawakunyamaza. Mwishoni mwa 1921 walikutana Lundha katika Gem, wakaanzisha chama cha Young Kavirondo Association, nao wakapinga kipande, kodi, na kugeuzwa kwa nchi kuwa koloni. Mwaka wa 1923 harakati hiyo iliongozwa katika njia nyingine, naye Archdeacon Owen akawa mlezi wa Kavirondo Taxpayers' Welfare Association. Mwaka huohuo Serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba katika Kenya maslahi ya Waafrika yatangulie. Maneno hayo yalikuwa mazuri, lakini kipande kilibaki miaka mingi baadaye.

Uhuru ulipopatikana tarehe 12 Desemba 1963, Katiba iliwapa watu wengi wenye asili ya Bara Hindi miaka miwili waombe uraia. Wengine waliomba, wengine wakasitasita wakishika pasi zao za Kiingereza. Muda ulikwisha tarehe 12 Desemba 1965. Mwaka wa 1967 Bunge lilitunga Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Leseni za Biashara, na asiyekuwa raia akahitaji kibali cha kazi na leseni ya duka. Wengi wetu walifurahi, na hatuna sababu ya kuficha furaha hiyo. Kwa miaka 60 Mwafrika alikuwa amezuiwa asipande ngazi ya biashara katika mji wake mwenyewe. Lakini tukumbuke yaliyofuata. Maelfu ya watu waliondoka kwenda Uingereza, nayo Uingereza, iliyowapa pasi zile, ikapitisha kwa siku chache tu sheria ya kuwazuia, iliyoanza kutumika tarehe 1 Machi 1968. Mwenye mzazi au babu aliyezaliwa Uingereza aliingia. Asiyekuwa naye alizuiwa. Mtu alikuwa na pasi mkononi, na hakuwa na nchi ya kumpokea.

Kama kuna anayedhani kwamba mambo hayo ni ya Wahindi tu, atazame mwaka wa 1970. Tangu zamani vijana wa ufuo huu walikwenda kutafuta kazi Kampala na Jinja, katika reli, viwanda na mashamba ya miwa. Walikwenda kihalali, wakafanya kazi, wakaoa, wakazaa. Mwaka huo serikali ya Rais Milton Obote iliwafukuza wafanyakazi Wakenya wapatao 30,000, na wengi wao walikuwa Wajaluo. Waliambiwa maneno yaleyale tuliyowaambia wengine hapa: mnachukua kazi za wenyeji. Miaka miwili baadaye Idi Amin aliwafukuza Wahindi wa Uganda akiwapa siku 90.

Hapa tukumbuke asili ya vyama kama hiki chetu. Vilianzishwa na watu waliokuwa mbali na makwao. Luo Union, ambayo Jaramogi Oginga Odinga aliiongoza akiwa Ker katika miaka ya 1950, ilikuwa na matawi katika miji mingi ya Afrika Mashariki, kwa sababu Mjaluo wa Kampala au wa Nairobi aliyeugua, aliyefukuzwa kazi, au aliyefiwa hakuwa na ukoo karibu wa kumshika mkono. Basi chama cha ustawi ni ukoo wa mgeni. Mwanachama anayemdharau mgeni anaudharau msingi wa nyumba aliyomo.

Liko fundisho jingine karibu nasi zaidi. Baada ya uhuru, vijana wa Kinubi walipoomba kitambulisho walipelekwa mbele ya kamati za kuchunguza asili yao, wakatakiwa karatasi za baba na za babu, hali jirani yao wa kabila jingine alipewa chake bila mashaka. Bila kitambulisho mtu hawezi kuajiriwa kwa halali wala kupiga kura. Mwezi wa Machi 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki za Mtoto iliamua kwamba Kenya iliwavunjia haki watoto wa Kinubi. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka huohuo ilifungua njia kwa watu wasio na uraia wa nchi yoyote, waliokaa Kenya tangu siku ya uhuru, waombe uraia. Na mwezi wa Julai 2017 serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44 la Kenya, miaka zaidi ya 115 baada ya reli kufika ziwani.

Wazee wangu, sisemi kwamba nchi isiwe na sheria. Hata jadak alipitia kwa wazee. Mtu anayenunua cheti cha kuzaliwa kwa hongo, au anayewasafirisha watu usiku kama mizigo, anavunja sheria, na wananchi wana haki ya kukasirika. Tena Mkataba wa Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, ulioanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, umeweka njia ya wazi kwa raia wa nchi hizi kwenda kuishi na kufanya kazi ng'ambo kwa masharti. Njia ya wazi ikiwapo, yafaa ifuatwe. Lakini hasira ya haki na chuki ya ukoo hufanana usoni, na kazi ya mzee ni kuzitenganisha. Yule aliyevuka jana kwa hila ni mmoja. Yule aliyezaliwa Kibos, ambaye babu yake aliletwa na serikali, ni mwingine kabisa.

Kwa hiyo naomba mambo mawili yafikiriwe katika mkutano wetu mkuu. La kwanza, mzee anapoitwa kutoa ushahidi juu ya asili ya mtu, aseme alilolijua kwa macho yake: mtu huyu alizaliwa wapi, alisoma wapi, alimzika nani hapa. Asiulizie jina la kabila tu. La pili, mwanachama anayetaka kwenda kufanya kazi Uganda au Tanzania asaidiwe kupata karatasi zake kabla ya kuondoka, na mgeni aliye jirani yetu aelekezwe kwenye ofisi ya uhamiaji mapema, kabla hajashikwa. Ardhi hii iliwapokea mababu zetu wakati ambapo wengine walikuwa wamekwisha kutangulia. Deni hilo hatuwezi kuwalipa waliotangulia, kwa maana wamekwenda. Twaweza kuwalipa wanaokuja.